Mapipa ya Shika Adabu

Shika Adabu, Likoni
8 Februari 2025

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi Zubeida,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limekuachia angalau ufike kwenye harusi za watu. Sisi hapa Alhamdulillahi. Mama anameza dawa zake za presha, ila chumvi hajaiacha. Shaza yuko kwake Magongo na mimba yake ya kwanza. Mumewe anafanya zamu kiwandani Changamwe, basi kumwona dada yangu siku hizi ni kwa bahati.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Mama ndiye aliyetaka. Tangu kaka Amir achukuliwe njiani na watu wa gari lisilo na namba, mama anaamini kila tunalosema kwenye simu lina msikilizaji wa tatu. Simu yake ameizungushia leso na kuitia ndani ya sufuria, na sufuria ameifunika. Nilikuwa namcheka. Sasa simcheki tena. Barua hii ataileta Mwarandu, yule wa lori la nazi, akirudi Mambrui kutoka soko la Kongowea. Naomba umpe jibu akishuka tena.

Habari yenyewe ni hii: nafuga kuku wa nyama. Najua utasema, msomi wa kemia ya viumbe amerudi kufukuza kuku. Lakini kazi nimetafuta, shangazi, na kila ofisi wakisoma jina la baba yetu, Hamoud, huniangalia mara ya pili. Kwa hiyo nimejenga banda nyuma ya nyumba, nikanunua vifaranga, na chakula chao nakichachua mwenyewe. Nachukua pumba za mahindi, chicha ya nazi, majani ya mlonge, na kisamvu nilichokianika hadi kikauka, maana kibichi kina sumu. Nachanganya kwenye pipa, natia maji yaliyolala wazi ili dawa ya mfereji itoke, na upawa mmoja wa uji wa pipa lililotangulia. Baada ya siku chache mchanganyiko unatoa mapovu na kunuka kama maziwa lala. Wakiwa wadogo nawachanganyia na chakula cha dukani na dagaa wa kusaga. Chanjo nawapa, sijawa mwendawazimu. Lakini zile dawa ambazo wafugaji wengi humwaga majini kila siku, kuku awe mgonjwa asiwe, sizitumii. Ile chachu inatosha kulinda utumbo. Kinyesi chao ni kikavu, banda halinuki, miguu yao ina nguvu.

Jana mama alitoka kuwatazama. Unajua maana yake? Tangu mwaka ule kazi yake ni kukaa akiukabili mlango wa mbele. Jana aliupa mgongo kwa muda wa kunywa chai. Ninachotaka ni hicho tu. Ila hata ninapofurahi naogopa, kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake na hataki kugeuka.

Mtoto wako,
Salsabil


Mambrui
5 Machi 2025

Mwanangu Salsabil,

Marahaba, na Ramadhani karimu kwenu nyote. Barua yako nalipokea kabla ya mwezi kuandama, nikaiweka chini ya msala. Nakusoma polepole, maana mato haya si yale. Goti ni lile lile. Mkwe wangu amezaa mtoto wa kike, tumemwita Shaza, mwambie dada yako asijivune.

Basi chuo chote kile, matokeo yake ni kuwapikia kuku uji! Marehemu baba yako angecheka mpaka kofia ianguke. Lakini usidhani umegundua kitu. Sisi tulikuwa tukiumua unga wa vitumbua kwa masalio ya jana kabla hujazaliwa wala hiyo kemia haijazaliwa. Na ushike hili: kinachoumuka kinapumua. Kifunike kwa kitambaa, usikizibe pumzi.

Jingine. Harufu isivuke ukuta. Mtaa ukikosa la kusema hutafuta la kunusa. Mapipa yasionekane barabarani, na mgeni usiyemjua asifike bandani. Ukiulizwa jambo, jibu kwa uchache.

Na la mwisho, nakuomba kama mama yako: ukiniandikia, jina la yule usilitie kwenye karatasi. Wala usiniulize habari zake. Mimi sina ninachokijua.

Futari njema. Mwambie mama yako namuombea.

Shangazi yako,
Zubeida


Shika Adabu
12 Aprili 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na Idd iliyopita tuiite njema. Hongera ya mjukuu. Shaza wetu amefurahi kupata wajina kisha akalalamika kwamba hukumshauri. Mama amepungua mwili lakini hula. Kuku wa kwanza wote waliondoka kabla ya Idd, na waliokula wamerudi kuuliza. Mama Kai wa nyumba ya pili alisema nyama inatafunika kama ya kuku wa kienyeji na haitoi maji sufuriani. Nililala na maneno hayo kama mtoto na nguo mpya.

Lakini uliyoyasema ya mtaa yamefika. Jirani yetu Dishon, yule wa bara anayefanya kazi bandarini, alichungulia juu ya ukuta akasema, "Dada Salsabil, hiyo pombe ya busaa iko tayari? Nikuletee mrija?" Mkewe, Rispa, akamvuta shati: "Shuka wewe! Watu wa Mungu hawa, usiwaletee mambo ya kwenu." Tulicheka sote. Siku ya tatu mchuuzi wa samaki akaniuliza lile lile, na yeye hakuwa akicheka.

Mzee Safwan anayetuchinjia alikuja kuniuliza kwa adabu kama kuku wangu wanalishwa kileo. Nilimwekea kidogo kiganjani. Akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema, "Hii ni chachu kama ya mtindi. Kuku wako nitawachinja, mwanangu. Lakini ulimi wa mtaa sina kisu chake."

Mama alisikia yote akiwa ndani. Tangu siku hiyo haji tena nyuma ya nyumba. Amerudi kwenye mlango wake. Ananiambia, "Watakuja kwa sababu ya harufu. Walikuja kwa sababu ndogo kuliko hiyo." Uliniambia mambo mawili yasiyokaa pamoja, shangazi: pipa lipumue, na harufu isivuke ukuta. Nimechagua la pili. Nimenunua mapipa ya buluu yenye pete ya chuma ya kubana kifuniko, na kila nikitoka bandani nayabana. Harufu imekwisha. Najua kinachotokea humo ndani, nimekisomea. Nayafungua asubuhi na jioni, inatosha.

Nimetii: sikuandika jina. Lakini mkono ulitaka.

Wako,
Salsabil


Shika Adabu
20 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Mwarandu anasema lori lilikuwa gereji, kisha anasema alikupa barua mkononi, kisha hataki kuniangalia. Natumaini ni goti tu. Mama yuko. Shaza hajambo lakini amekataa kuja kwetu, na sasa nitakueleza kwa nini.

Wiki iliyopita joto lilikuwa la kabla ya mvua. Asubuhi nilimpeleka mama kliniki, foleni ikatuweka, tukarudi alasiri. Mapipa sikuwa nimeyafungua. Nilikuwa nimevua buibui tu nikasikia mlio. Siwezi kukuelezea mlio ule. Kifuniko kilirushwa, kikapiga paa la mabati la kina Dishon, kikarudi kwetu. Kuku wote wakapiga kelele kwa pamoja, kisha kimya. Halafu barabarani mtu akapaza sauti, "Bomu! Bomu kwa kina Hamoud!"

Watu walikimbia, shangazi. Niliwaona kwenye upenyo wa lango: wanawake waliokuwa wakikaanga viazi wameacha karai motoni, mzee mmoja amelala kifudifudi kwenye vumbi. Mimi nimesimama nimelowa uji wa pumba usoni, nataka kutoka niwaambie ni chakula cha kuku. Mama alinishika mkono, akanisukuma ndani ya stoo ya jikoni, akafunga kwa komeo na kukaa kizingitini. Nilimwambia kupitia ubao wa mlango, "Mama, ni pipa." Akajibu, "Najua ni pipa. Wao wanajua?"

Rispa ndiye aliyekuja kwanza. Nilimsikia akicheka na kulia pamoja: "Mama Salsabil, bati langu limekaribia kuniangukia, na mume wangu yuko chini ya kitanda!" Bila yeye sijui ningefunguliwa lini.

Siku iliyofuata alikuja mwanamume aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alitaka kununua kuku. Hakumchagua, hakumshika kifua kama wanunuzi wanavyofanya. Alitazama mapipa. Akauliza ninachanganya nini, nikamwambia. Akauliza nimesomea wapi, nikamwambia. Akaniuliza majina yangu matatu, na mimi, kama mwanafunzi, nikayataja. Akatabasamu: "Na kaka je?"

Nikasema sina kaka.

Nilisema hivyo, shangazi. Mama alikuwa dirishani. Tangu hapo hajanisemesha, ananisogezea chakula tu. Na karibu kila siku gari la kijivu huegeshwa upande wa pili, kioo kimeshushwa kidogo, injini haizimwi.

Naomba nije kwako. Niambie tu nije, nitapanda lori la Mwarandu na mama. Kuku nitawaachia kina Rispa. Naogopa kuandika zaidi.

Salsabil


Mambrui
11 Juni 2025

Salsabil,

Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa. Mwarandu alisimamishwa njiani.

Usije. Wala mama yako asije. Kwangu hakuna nafasi.

Kuku wachinje wote, mapipa yaoshe uyagawe, usibakishe hata moja. Kuku si roho. Kaa ndani. Usiandike tena.

Z.


Shika Adabu
19 Julai 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Uliniambia nisiandike na ninaandika. Shaza amejifungua mtoto wa kiume, mama na mtoto salama, na ana kichwa kikubwa cha babu. Goti lako naliuliza bado. Mama anakusalimu. Yuko hapa karibu yangu, na hii barua anajua yaliyomo.

Barua yako niliisoma kama mtu aliyefungiwa mlango mvua ikinyesha. Nilikaa na hasira siku nyingi. "Hakuna nafasi," kwako, kwenye nyumba tuliyolala kumi na kitu likizo! Nilimpa mama aisome. Aliisoma, akaikunja, akaanza kunisemesha tena, na jambo la kwanza aliloniambia ni hili: kaka hakuchukuliwa njiani. Nilikuwa chuoni bara, nikaambiwa njiani, nikaamini njiani. Kumbe mama alipoona gari hapa, alimtuma kwako ajifiche, na walimchukua mlangoni kwako, wewe umeshika upande mmoja wa kanzu yake. Majirani wote walikuwa wamefunga madirisha. Mama anasema ulimletea kile kipande cha kanzu kilichokubakia mkononi, na tangu siku hiyo hamjaangaliana usoni.

Basi nimeelewa "usije." Sikuulizi zaidi.

Lakini kuku sikuwachinja. Nilikaa bandani nikifikiri, na fikira yangu ilikuwa hii. Nilificha harufu, pipa likapasuka. Nilimficha kaka mdomoni mwangu, mama akanyamaza. Tulimficha kwako, wakamchukua madirisha yakiwa yamefungwa. Kila tulichokiziba kimetugeukia. Sijui kama nina akili au nimechoka tu kuogopa kwa namna moja.

Nilimwendea Rispa nikamwambia nataka kuwafundisha wanawake wa mtaa kuchachua chakula cha kuku, nje, barabarani, mchana. Akasema, "Yaani tuweke bomu letu mahali kila mtu alione?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ngoja nichukue beseni."

Mapipa tumeyatoa mbele ya nyumba. Tumeyafunika kwa leso kuukuu. Mwanzo walikuja Rispa na Mama Kai tu. Baadaye akaja muuza viazi, kisha Mzee Safwan akamleta mkewe, akasimama pembeni akiwaeleza wapita njia kwamba hii si haramu, yeye ameionja. Tunakatakata mlonge, tunakanda chicha, mikono imejaa uji hadi viwikoni. Harufu imeenea mtaa mzima na hakuna anayeuliza ni nini, kwa sababu kila nyumba ina yake. Usifikiri ni ujasiri. Kila asubuhi nachungulia kwenye upenyo wa lango mara tatu kabla ya kutoka.

Jumanne gari la kijivu halikuegesha upande wa pili. Lilivuka, likaja kusimama mbele ya mapipa. Yule wa shati jeupe alikuwa mbele, na nyuma kulikuwa na wawili ambao sikuwaona vizuri. Hakushuka. Alisema kwa upole, "Salsabil, njoo hapa mara moja."

Miguu yangu ilianza kwenda, shangazi. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Aliniita na miguu ikaenda, kama kifaranga anapogongewa sahani. Rispa akanishika sketi kwa mkono wenye uji. Akamwambia yule mtu, "Kaka, ukitaka kuku, foleni inaanzia kwa mama huyu. Ukitaka kujifunza, kunja mikono, pumba ni hizi." Wanawake wakacheka, kile kicheko cha kuonyesha meno tu. Hakuna aliyeondoka. Muuza viazi alichukua simu yake akaiinua usawa wa uso, bila kuificha.

"Nina swali moja tu," akasema yule. "Mbona uliniambia huna kaka?"

Na hapo mama akatoka. Sikumbuki lini mara ya mwisho mama alivuka kile kizingiti kwenda barabarani. Alitoka miguu mitupu, akaenda hadi dirishani mwa gari, akaweka mkono juu ya kioo kilichoshushwa, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mtu njia:

"Anaye. Mnaye nyinyi. Anaitwa Amir Hamoud. Na huyu simtoi."

Injini ilikuwa ikinguruma muda wote. Yule mtu aliutazama mkono wa mama, kisha akatutazama sisi mmoja mmoja, kama anayetusoma ili atukumbuke. Kisha gari likarudi nyuma taratibu, likageuza, likaondoka.

Mama aliporudi alikaa chini kando ya mapipa, akaomba chai. Rispa alimletea.

Sikwambii kwamba tumeshinda. Ijumaa nililiona tena, mbali, karibu na kona. Huenda siku moja nitakuwa peke yangu dukani na hakutakuwa na beseni wala Rispa. Naogopa kama nilivyokuwa naogopa. Ila sasa tunaogopa wengi, na mchana.

Nimeliandika jina, shangazi. Nisamehe. Mama ndiye aliyesema niliandike.

Mtoto wako,
Salsabil


Mambrui
3 Agosti 2025

Mwanangu Salsabil,

Hongereni ya mjukuu wa kiume. Mwambie Shaza kichwa kikubwa ni neema, kitajaa.

Barua yako nalisomewa na mkwe wangu, kwa maana mato yalijaa maji sikuona herufi. Nilimwambia asome kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Alipofika kwenye jina alisita. Nikamwambia, soma. Akasoma. Amir. Tangu siku ile sikulisikia ndani ya nyumba hii, na mimi ndiye niliyelikataza. Aliponitoka mkononi wao walikuwa na haraka na mimi nilikuwa na goti. Nilidhani nisipomtaja yeye, na nisipowaona nyinyi, msiba hautajua njia ya kuja kwenu. Kumbe ulikuwa huko huko, umeegesha.

Walikuja hapa tena mwezi wa Juni, wakiniuliza habari zako. Ndipo nikaandika ile barua fupi. Sasa unajua.

Sisemi uje. Naja mimi. Mwarandu anashuka Alhamisi, ameniwekea mto mbele, pembeni yake. Mwambie mama yako kwamba tutaangaliana, na kama ana la kunishutumu anishutumu, nimechelewa kulisikia. Mtafutie huyu ajuza beseni na kigoda, maana kukanda najua kuliko nyote, na kusimama siwezi.

Nitateremkia barabara kuu, pale magari yanapogeuzia, siyo mlangoni. Kutoka hapo nitakuja kwa mguu polepole, nikikuita kwa jina lako na la baba yako na la babu yako, kila hatua. Nawe toka, mwanangu, usimame katikati ya njia, uniitikie abee kwa sauti yako yote, mpaka walio ndani ya lile gari wajue nani ni wa nani.

Shangazi yako,
Zubeida